Dakika Kumi za Kuikagua Programu ya Mwalimu

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kutoka Ahero aliingia katika saiba yangu hapa Kondele, Kisumu, akanikabidhi flashi na kuniomba nimsakinishie programu ya kugeuza PDF kuwa Word, ambayo alikuwa ametumiwa na mwenzake kupitia WhatsApp.

"Nipe dakika kumi, mwalimu," nikamwambia.

"Kumi za nini tena, kijana wangu? Ibofye tu, iingie, niende zangu."

Nilimwomba avute kiti. Miaka michache iliyopita niliiamini faili ya namna hiyo hiyo, nikaishia kusakinisha Windows upya katika kompyuta nne.

Ndani ya flashi mlikuwa na faili mbili: programu yenyewe, na "mwongozo" wenye picha nyekundu ya PDF. Windows, ikiachwa ilivyokuja, huficha kiambishi cha mwisho cha jina la faili. Nilipoiamuru ionyeshe viambishi vyote, mwongozo ule ukajifichua kuwa mwongozo.pdf.exe, yaani haukuwa hati ya kusomwa bali programu nyingine iliyovaa joho la hati. Aidha, ujumbe uliomfikia mwalimu ulimwelekeza azime antivirasi kabla ya kuanza. Kwangu mimi agizo hilo peke yake latosha kuikataa programu, lakini nilitaka mwenye flashi ajionee mwenyewe.

Wengi hukimbilia kupakia faili nzima katika VirusTotal, huduma iliyoanzishwa Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, ambayo huikagua faili moja kwa antivirasi nyingi kwa wakati mmoja. Mimi hutanguliza heshi, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, kwa sababu faili ikishapakiwa pale inaweza kuwafikia watafiti na kampuni za usalama, na katika saiba kama yangu hupita nakala za vitambulisho na hati za mishahara ambazo si zangu kuzigawa. Katika dirisha la amri la Windows nikaandika certutil -hashfile, jina la faili ya programu, kisha SHA256 (aina ya heshi), na kompyuta ikatoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, ambao niliunakili na kuutafuta katika VirusTotal bila kupakia faili yenyewe. Hakuna kilichopatikana.

"Si unaona?" mwalimu akasema. "Haina kosa."

Hapo ndipo watu wengi huteleza. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, heshi yake hugeuka kabisa. Kwa hiyo programu inayodai kutumiwa na mamilioni ya watu, ilhali heshi yake haijulikani, huenda imechokorwa na mtu au imetengenezwa juzi tu. Kutojulikana si usafi.

Nilifungua pia sifa za faili nikitafuta sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji, nisiipate. Hata ingekuwapo, nisingetulia moja kwa moja, kwani sahihi hueleza ni nani aliyetia muhuri, wala haielezi kilichomo. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilitoka kwenye seva za mtengenezaji mwenyewe likiwa na sahihi halali, na bado lilikuwa limepenyezewa programu hasidi. Visa vya aina hiyo ni vichache, nami bado napakua kutoka kwa mtengenezaji kabla ya kokote kwingine, ila sahihi naihesabu kuwa shahidi mmoja miongoni mwa kadhaa.

Nilipomuuliza mwalimu anataka kugeuza nini hasa, akanionyesha orodha ya alama za wanafunzi, kurasa tatu. Word, tangu toleo la 2013, hufungua PDF bila kuhitaji programu nyingine yoyote. Nikaifungua mbele yake. Jedwali moja lilipinda kidogo, tukalinyoosha pamoja. Akalipia kurasa zake, akatoka mbio kuwahi matatu, flashi akaisahau mezani.