Hema Chini ya Mti Mkavu

Kulala chini, ndani ya hema lako mwenyewe, kunalipiwa. Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Hifadhi ya Great Smoky Mountains hapa Marekani, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina, haina kiingilio, na kwa hilo naishukuru. Lakini ukitaka kulala ndani msituni, mbali na barabara, kila kichwa ni dola 8 kwa usiku, na gari likisimama zaidi ya dakika 15 lazima liwe na stika: dola 5 kwa siku, au 15 kwa wiki. Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, usiku mbili, piga hesabu. Juu ya hapo, duka tulikokodi mifuko ya kulalia lilinipa wenye zipu mbovu, nami nikagundua tukiwa tayari porini.

Huruhusiwi kujilaza popote. Kambi zina namba, unachagua kwenye ramani, na kibali kinakuwa cha kambi hiyo na usiku huo. Karibu wiki mbili, jioni tukitoka kazini hapa Lexington, tulibishana. Shemeji alitaka za juu, mgongoni mwa mlima. Mimi nilitaka maji, na nikamwambia kwamba mwishoni mwa Oktoba miti ya juu imeshapukutisha, rangi imeshuka mabondeni. Nikashinda. Tukachukua namba 24, kandokando ya mto Little River, kwenye njia inayoanzia Elkmont. Zamani ilikuwa reli ya kampuni ya mbao, kwa hiyo inapanda taratibu, na hata mwenye mzigo hahemi.

Kuhusu rangi sikukosea. Kuna sehemu njia inapinda na mto, na miti ya ng'ambo ilikuwa ya manjano ya embe lililoiva, katikati yake mmoja mwekundu kama pilipili. Upepo ukipita, majani yanashuka mengi kwa pamoja na kuelea majini. Kwetu vuli ni mvua za kupandia maharage, kila kitu kinaamka. Hapa miezi hiyohiyo msitu unajivua. Nilisimama hadi shemeji akarudi kunitafuta.

Kambini tulipata mahali nilipopaona kama tumewekewa: tambarare, laini kwa majani membamba yaliyooza, hatua chache tu kutoka mtoni. Tukapiga hema. Chakula chote, pamoja na dagaa wangu wa kukaanga, tukakipandisha kwenye nyaya zilizofungwa juu ya miti kwa ajili ya dubu. Hata dawa ya mswaki inakwenda huko.

Yapata saa kumi na moja na nusu akapita mzee wa Kimarekani, peke yake, mzigo mdogo mgongoni, fimbo mbili mkononi. Alisimama, akalitazama hema letu, kisha akatazama juu. Hakusema neno. Akaendelea kutazama juu mpaka na sisi tukainua macho.

Tulikuwa chini ya mti uliokufa. Shina nene lililosimama wima, gome limebanduka, matawi yamebaki kama mifupa ya samaki. Akatuambia ni hemloki, mti wa jamii ya msonobari. Kuna kidudu kutoka Asia, kidogo kuliko chawa, kinajifunika kitu cheupe kama pamba na kufyonza utomvu chini ya vijani. Kilionekana hifadhini humo mwaka 2002, na tangu hapo hemloki zimekufa kwa wingi, hasa kandokando ya mito, kwa kuwa ndiko zinakopenda kuota. Zulia laini nililolipenda lilikuwa majani yake.

"Kwanza tazama juu," alisema, "ndipo utazame chini."

Akatuonyesha pia kitu kingine: hewa ya baridi hutiririka usiku kama maji na kujikusanya chini. Akanyoosha fimbo kuelekea kijinafasi kilichoinuka kidogo nyuma yetu, humohumo kambini, penye miti mizima. Kisha akatuaga. Tukang'oa vigingi na kuhama, vidole vimeshaanza kufa ganzi.

Niliumia moyoni, maana nilikuwa nayajua hayo. Mimi ni wa Lushoto. Wasambaa hatujengi bondeni. Nyumba zinakaa migongoni na kwenye miteremko, bondeni ni kabichi na nyanya na maji ya mfereji. Bibi yangu alikuwa akisema bonde linalaza ukungu, halilazi mtu. Tena Lushoto iko juu kuliko kambi ile, ambayo haifiki hata mita 1,000, lakini baridi ya pale sijawahi kuiona nyumbani. Nilidhani maarifa ya milima yetu ni ya kule kule, nikayaacha nilipopanda ndege.

Usiku, sijui saa ngapi, nikiwa nimekamata zipu kwa mkono ili mfuko usifunguke, nikasikia mlio mkavu, halafu kishindo. Shemeji akauliza, "Umesikia?" Hatukulala tena. Kulipokucha, nyasi za kule chini zilikuwa nyeupe kwa jalidi, za kwetu zimelowa tu. Tawi nene kama mchi lilikuwa limejichoma ardhini, hatua tano hivi kutoka pale tulipokuwa tumelipiga hema mwanzo. Niliushika ule mwisho uliovunjika: mwepesi, mkavu kabisa, unapukutika kiganjani.

Siku ya pili tulitembea, tukala, tukarudi palepale kulala.

Jumapili nilimpigia mama nikamsimulia yote, mti, baridi, mzee. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo mzee mlimpa chai?"

Hatukumpa. Alikuwa anawahi kambi namba 30, huko juu njia inakoishia, na giza lilikuwa linakaribia.