Nimerudi Mlalo

Nimerudi Mlalo, milimani Usambara, baada ya miaka sita. Jana jioni nilikaa na bibi nje, akawa ananionyesha nyumba kwa kidole: hawa wamehamia Tanga, wale wako Dar, ile mlango umefungwa tangu tulipomzika mwenyewe. Lakini bondeni mabati mapya yamesongamana, na shamba la babu limeshagawanywa mara nne. Watu wameongezeka na vijana wameondoka, vyote kwa pamoja. Moyo wangu uliuma.

Bibi alikuwa binti mdogo wakati Mwingereza alipoleta mpango wake wa ardhi hapa mwaka 1946. Watu walilazimishwa kuchimba matuta mashambani, kazi ngumu kwelikweli kwenye miteremko hii. Wakapinga, na miaka ya 1950 mpango ukafa. Matuta yale anayakumbuka kuliko hata siku ya Uhuru!

“Mjukuu wangu, zamani ukiita jioni, unaitikiwa kila upande.”

Leo asubuhi tumeanza kuandika majina ya kila kaya anayoikumbuka, Wasambaa na Wambugu. Tumefika 32, bado anaendelea.