Rangi ya Mwanga

"Mama, mwanga unachorwa kwa rangi gani?"

Stima ilikuwa imepotea tena, na binti yangu alikuwa anachora ziwa kando ya mshumaa. Nilitaka kumwambia njano. Kisha nikamkumbuka mjomba.

Nilikuwa na miaka 12. Likizo nzima nilimbembeleza anipeleke kuvua omena, akawa ananizungusha akingoja usiku wa giza, maana mbalamwezi ikitanda juu ya maji taa haiwavuti omena. Nyanya alinung'unika sana. Tukang'oa nanga Dunga, ufuoni Kisumu, jua likizama.

Huko ndani mjomba akaweka karabai katikati ya magoti. Akamimina spiriti kwenye kikombe chake kidogo, akawasha kiberiti, moto wa buluu ukazunguka shingo ya taa. Akangoja. Halafu akaanza kupiga pampu, na kile kifuko cha nyuzi kikaiva, kikawa chekundu, kikawa cheupe hadi macho yakauma. Taa ikavuma. Nikainua kichwa, nikaona nusu ya uso wake inang'aa, na juu ya nyusi kovu ambalo sikuwahi kuliona mchana kweupe. Nusu ya pili haikuwepo. Kisumu haikuwepo. Ulikuwepo ule uso na mkono unaopiga pampu, basi.

"Usitazame taa, mama," akasema. "Tazama maji."

Omena walikuwa wanapanda, wembamba kama sindano, wakizunguka duara la mwanga, fedha tupu.

Mengine yamefutika: nyavu, baridi, usingizi.

Chuoni, miaka mingi baadaye, mwalimu alituonyesha michoro ya Caravaggio, yule Mwitaliano aliyefariki 1610: watu wanachomoza gizani, shavu moja linawaka, lingine limemezwa. Wenzangu waliandika maelezo. Mimi nilijikuta naitafuta karabai ndani ya picha.

Siku hizi wengi ziwani wanatumia taa za sola. Hazili mafuta wala hazitoi moshi, na nafurahi kwa ajili yao. Lakini hazivumi.

Nikamsimulia binti yangu, kisha nikampa krayoni nyeusi. "Paka giza. Mwanga uache vile karatasi ilivyo."

Akapaka mpaka vidole vikawa vyeusi, akabakiza kiduara kimoja.

"Na babu akae wapi?"

Nikafikiri kwa muda mrefu. Nikamwekea kidole ukingoni, pale nyeupe inapokutana na nyeusi.