Nilienda Newala kutafuta ndege, nikachekwa

Mwenzenu nina ugonjwa wa kuangalia video za watu wanaopanda milima huko Uingereza kutafuta mabaki ya ndege za vita. Kuna moja iko Bleaklow, B-29 ya Wamarekani, ilianguka 3 Novemba 1948 wakafa wote 13, na mpaka leo mainjini yamelala tu kwenye majani, watu wanapanda, wanapiga picha, wanarudi zao. Nikawaza, huku kusini vita vimepita mara ngapi jamani, tutakosa hata bawa?

Basi Jumamosi nikadandia Coaster toka Mtwara mpaka Newala kwa mjomba. Kumweleza tu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, bati la ndege lilale porini hapa? Lingeshakuwa sufuria siku nyingi."

Na kweli, maana hata reli ya karanga, ile ya Mtwara hadi Nachingwea, iling'olewa miaka ya 60, sembuse ndege.

Nikamwambia ila kuna moja ilikuwa ije hapa hapa uwanda wa Wamakonde. Novemba 1917, liputo la gesi la Kijerumani lenye injini, L59, urefu mita 226, yaani viwanja viwili vya mpira na chenji inabaki, liliondoka Jamboli, Bulgaria, na tani kama 15 za mzigo kumletea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa amepigana Mahiwa watu wakafa vibaya mno. Lilipofika Sudan, karibu na usawa wa Khartoum, redio ikaita: rudini. Likageuza, likatua kule kule lilikotoka tarehe 25, saa 95 angani bila kushuka, na siku hiyo hiyo Lettow anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Aprili 1918 likaungua likaangukia baharini kwenye mlango-bahari wa Otranto, huko Italia, wote 21 wakafa. Kwa hiyo hata mabaki yake siyafikii.

Kilichomkamata mjomba ni kwamba lile puto halikupangiwa kurudi. Likifika lichanwe lote, kitambaa cha nje mahema, cha ndani bandeji, mifupa yake milingoti ya redio.

"Kumbe na wao walikuwa wanakata skrepa," akasema. Halafu akanyamaza, akaangalia korosho zake zilizoanikwa chini.

"Umesema kitambaa mita ngapi?"

"226."

"Lingenitosha kwa turubai."