Kutoka Mwanza hadi Minziro, nikilifuata tetemeko

Meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu iliondoka Mwanza usiku, staha imejaa mizigo na watoto waliogoma kulala. Nilikuwa naelekea Kagera kuona lilikoanzia tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua zaidi ya watu 15 na kujeruhi mamia.

Jumamosi ile, saa tisa na dakika 27 alasiri, nilikuwa Mwanza ghorofani. Vioo vya dirisha viligongana kidogo, kama lori limepita, halafu kimya. Nusu dakika hivi baadaye jengo likaanza kuyumba. Watu wengi walidhani ni matetemeko mawili, kumbe ni moja. Mwamba ukivunjika, mawimbi ya P na ya S huondoka pamoja. P huusukuma na kuuvuta mwamba kwa kasi ya karibu kilomita 6 kwa sekunde. S huutikisa upande kwa upande na hukimbia kilomita tatu na nusu tu. Safari ikiwa ndefu, S anaachwa nyuma zaidi, na kutoka kitovuni hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200.

Jirani yangu staha, mama anayefanya biashara ya dagaa, aliuliza: "Sasa kaka, siku ile tungekuwa humu ndani tungetikiswa?" Nikamwambia S hapiti kwenye maji. Kimiminika hakina ugumu wa kupindwa na kurudi, kwa hiyo ni P tu anayepenya. Ziwa lenyewe halifiki hata mita 100 kwenda chini, na mawimbi yaliyotufikia Mwanza yalipita kwenye mwamba chini yake. Hapo nikanogewa. Nikamweleza kwamba kilomita 2,900 chini ya miguu yetu S hukoma kabisa, na ndivyo wataalamu walivyojua kuwa kiini cha nje cha dunia ni kimiminika. Tena mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark, akichunguza P wa tetemeko la New Zealand, alionyesha kuwa ndani ya kimiminika hicho kuna kiini kingine. Mama alikuwa ameshasinzia.

Tuligusa Kemondo, kisha Bukoba asubuhi. Nilikwenda Hamugembe kwa miguu. Kwenye ukuta mmoja wa tofali za kuchoma, katikati ya madirisha mawili, bado kuna ufa wenye umbo la X. Niliingiza kidole, kikazama hadi pingili ya pili. Hiyo ni kazi ya S: aliusukuma ukuta kushoto, ukapasuka mshazari, akaurudisha kulia, ukapasuka mshazari wa pili. Fundi aliyejenga alitia tope badala ya saruji. Kwa Bukoba pengo kati ya P na S lilikuwa kama sekunde saba. Mtu aliyekuwa karibu na mlango aliwahi kutoka.

Kutoka hapo hiace hadi Kyaka, ambako abiria mgeni aliyaona magofu ya kanisa akasema, "Tetemeko hilo." Kondakta akacheka: lile lilibomolewa na vita ya Amin. Mbele zaidi, bodaboda, vumbi, migomba, halafu msitu wa Minziro.

Upande huu ndiko tetemeko lilikoanzia, ila lilianza karibu kilomita 40 chini. Kwa hiyo hata anayeishi juu ya kitovu anazo sekunde tano hivi kati ya P na S. Mzee mmoja aliyenikaribisha kahawa ya kutafuna aliuliza kama serikali haiwezi kuweka king'ora. Mexico wanacho, nikamjibu, lakini matetemeko mengi yanayoutisha mji mkuu wao huanzia pwani, mamia ya kilomita mbali, ndiyo maana S huchelewa vya kutosha watu kukimbia. Hapa king'ora kingelia nyumba zikiwa tayari zinacheza.

"Basi kumbe nilifanya vizuri," akasema, akanipeleka nyuma kuona nyumba yake mpya. Fundi alitaka kuweka lenta juu ya milango na madirisha tu. Mzee aliuza ng'ombe, akanunua nondo, akamwambia aizungushe nyumba nzima.