Nilivyozifikia karatasi za Mtoro bin Mwinyi Bakari nikiwa Bagamoyo

Vijana wengi ninaowauliza hapa Bagamoyo hawamjui Mtoro bin Mwinyi Bakari, hata wa Dunda, kwao. Jambo hili linaniuma. Huyu ndiye mwenye mkono mkubwa katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1903 kikiwa na jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, na Berlin ndiko alikofia mwaka 1927. Maneno yake juu ya ndoa, ngoma na misiba tunayo. Mimi nilitaka karatasi za maisha yake: maombi, barua, chochote alichoandika kwa shida yake mwenyewe.

Nilianzia kwenye tanbihi. Mwanahistoria Ludger Wimmelbücker alishamchimba Mtoro na kitabu chake kikachapwa Dar es Salaam mwaka 2009. Watu husoma kitabu kama kile wakaziruka tanbihi, na humo ndimo namba za majalada zilimo. Nilizinakili zote kwenye daftari.

Maana ukitafuta kwa jina peke yake utachoka bure. Mswahili wa zama zile hakufunguliwa jalada kwa sababu ya elimu yake. Aliandikwa pale alipolipwa mshahara, na pale alipowakera wakubwa. Kwa hiyo nikajiuliza, Mtoro aliwakera wapi? Jibu liko wazi. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakafunga safari kurudi pwani, na walipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni ikakataa mkewe ashuke melini. Uamuzi kama ule haupiti bila karatasi. Gavana aandike Berlin, Berlin ijibu, karani aweke muhuri, na mwombaji naye alete ombi lake.

Hapo kuna jambo la kuangalia sana. Mwaka 1905 wizara ya makoloni ilikuwa bado. Mambo yetu yalikuwa chini ya idara moja ndani ya wizara ya mambo ya nje, na wizara yenyewe ya makoloni, Reichskolonialamt, ilianza mwaka 1907. Lakini karatasi za idara ile zilihamia kwa mrithi wake, na leo zote ziko fungu moja, R 1001, katika hifadhi ya nyaraka ya Bundesarchiv, Berlin-Lichterfelde. Majalada mengi ya fungu hilo yameshapigwa picha, unayafungua kwa intaneti kupitia mfumo wao uitwao invenio. Mimi nilifungua usiku, bando likiwa rahisi. Mambo ya Seminari yenyewe ni safari nyingine, kwa sababu ilikuwa na mkono wa serikali ya Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati ule, na nyaraka za Prussia zinatunzwa Dahlem, mtaa mwingine wa Berlin.

Kupata picha ni jambo moja, kuzisoma ni jambo jingine kabisa. Makarani waliandika kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, Kurrent, ambao hata Wajerumani wengi wa leo unawashinda. Herufi e inafanana na n, na u inajulikana kwa kijikono kilicho juu yake. Nilichora alfabeti yote kwenye manila nikaibandika ukutani. Kilichoniokoa ni desturi ya makarani wenyewe: majina ya kigeni waliyaandika kwa herufi za Kilatini za kawaida. Katikati ya msitu wa mikwaruzo ile, jicho linadaka «Bagamoyo» au «Mtoro» papo hapo. Ukishapata jina, soma mstari ulio juu yake na ulio chini, kisha endelea taratibu. Na kila ukurasa andika namba iliyo pembeni juu, maana bila hiyo hutaurudia tena.

Zile nilizoziona za maana nikazipeleka steshenari, nikaprinti, nikaenda nazo Dunda kwa mzee mmoja tunayemheshimu sana. Nikamwamkia, nikamsomea habari yote. Alinisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye meli.

«Na huyo mkewe, alimwacha?»

«Hakumwacha, babu. Walirudi Ujerumani wote wawili.»

«Ehee. Basi andika na hilo, mjukuu wangu. Wasije wakaandika amri ya gavana peke yake.»

Ameniongoza vizuri. Nimeanza daftari la pili, si la majalada tena bali la Mtoro mwenyewe, mwaka kwa mwaka, na kila habari imewekewa namba ya jalada na ya ukurasa ili atakayetaka kuhakiki ahakiki. Sehemu ya Hamburg, alikofundisha baadaye, bado ni nyeupe. Barua ya kuulizia nimeshaituma huko.