Wafu wa Wete si wachache

Jumanne nilirudishiwa pendekezo langu la tasnifu. Pembeni msimamizi wangu ameandika maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Idadi ya waliokufa ni ndogo, tafuta nchi yenye vita." Nilitembea kutoka chuoni hadi chumbani kwangu, hapa Belfast, Ireland ya Kaskazini, na mvua ile yao isiyokatika, na njia nzima nilikuwa najibizana na karatasi.

Nasoma shahada ya uzamili ya migogoro na machafuko ya kisiasa. Nilitaka kuandika juu ya Januari 2001 kwetu Zanzibar. Wakubwa mnakumbuka. Tarehe 27 wafuasi wa CUF, chama cha upinzani, waliandamana kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe, polisi wakawapiga risasi za moto. Human Rights Watch walisema waliouawa hawapungui 35. Tume ya Mbita, aliyoiunda Rais Mkapa mwaka uliofuata, ikasema 31. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mimi nilikuwa na miaka saba, tunakaa Wete, kisiwani Pemba. Ami yangu aliondoka usiku kwa mashua, akasahau viatu mlangoni, na mama akavifukia kwenye gunia la makaa asije akaulizwa ni vya nani.

Sasa, katika fani hii kuna vizingiti, yaani idadi ya vifo inayotakiwa ili tukio lihesabiwe. Kanzidata inayotumiwa sana ni ya UCDP, mradi wa takwimu za migogoro wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Mgogoro wa silaha unahesabiwa ukifikisha vifo 25 vya mapigano kwa mwaka. Vita ni kuanzia 1,000. Raia wanaouawa na serikali wana fungu lao, nalo linaanzia 25. Kwa hesabu ya Mbita basi, sisi tumevuka kwa watu sita. Msimamizi wangu anasema tukio lililo ukingoni hivyo halina uzito kwenye takwimu. Nimesoma mbinu za utafiti muhula mzima na naelewa kwa nini mstari lazima uchorwe mahali. Ninachokikataa ni mtu kuuchukua mstari wa kupangia data akaufanya kipimo cha msiba unaofaa kusomwa. Vifo 31 kisiwani ambako kila mtu anamjua mwenziwe kwa baba na babu, ni nani hakufiwa?

Na kinachonikera zaidi ni kwamba naambiwa haya Ireland ya Kaskazini.

Januari hii nilipanda basi kwenda Derry, karibu saa mbili za safari, kwenye kumbukumbu ya tarehe 30 Januari 1972. Siku hiyo wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji mtaa wa Bogside. Walikufa 13, wa 14 akafariki miezi kadhaa baadaye. Uchunguzi wa kwanza, wa Jaji Widgery, ulikwisha kwa wiki chache na kwa kiasi kikubwa ukawasafisha wanajeshi. Familia hazikunyamaza. Mwaka 1998 ukaanza uchunguzi wa Jaji Saville, ukachukua miaka 12 na pauni milioni 195 hivi, na tarehe 15 Juni 2010 Waziri Mkuu Cameron akasimama bungeni akaomba radhi. Kwa watu 14! Wala sisemi ilikuwa israfu. Nasema hivyo ndivyo mtu anavyostahili kuhesabiwa.

Pale Bogside kuna mnara wenye majina yao na umri wao. Sita walikuwa na miaka 17. Nimesimama nasoma, akaja bibi mmoja mzee, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia, nikamweleza na yetu. Akanichukua kwake, akanipa chai ya maziwa na mkate wa siagi, kama bibi yeyote wa Konde angemfanyia mgeni. Akaniuliza: "Wenu wanaitwa nani?" Nilimtajia wawili. Jirani yetu, na baba wa mtoto niliyesoma naye skuli. Basi. Miaka yote hii, nami nimefika hadi uzamili, najua majina mawili. Yale ya Wete sijayaona yamechongwa popote.

Naye hakunidanganya kuwa kwao mambo yameisha. Mwanajeshi pekee aliyefikishwa kizimbani kwa mauaji yale aliachiwa na mahakama ya Belfast Oktoba 2025. Kuta za kutenganisha mitaa ya Wakatoliki na Waprotestanti bado zimesimama hapa mjini. Muafaka wao wa amani wa 1998 na wetu wa Oktoba 2001, wa CCM na CUF, ningeweza kuulinganisha kutwa kucha.

Mnaoniuliza inbox kama mje kusoma fani hii: njooni, lakini kabla hujalipa hata senti muulize msimamizi anaijua nchi gani, na kama atakubali unachotaka kuandika. Mimi sikuuliza. Ada ya huduma ya afya pekee ni pauni 776 kwa mwaka, unalipa kabla hujapata viza. Muhula ukiendelea kazi ni saa 20 kwa wiki, na chumba changu kinameza karibu zote. Kodi ya mwezi mmoja hapa, Wete ungelipia nyumba nzima na ukabakisha. Tangu Januari 2024 wengi wa uzamili hawaruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo afikirie vizuri. Na jifunze takwimu kabla ya kuja, usije ukashindwa kubishana na namba kwa lugha yake.

Jana usiku nilimpigia ami. Hajawahi kunihadithia Shimoni, na sikutegemea. Nilimwambia chuoni wanasema watu wetu ni wachache. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaanza kutaja, mtaa kwa mtaa, huyu alikuwa mvuvi, huyu mkewe alikuwa mjamzito. Alifika kumi na moja, akasema ngoja, wa Micheweni nimuulize shemeji yako.

Kuwahoji waliofiwa kunataka kibali cha kamati ya maadili, hata kama ni ami yako. Fomu ni kurasa tisa. Nimeshajaza sita, na pendekezo sijalibadilisha.